Tairi kwanza, kuinua baadaye: jibu kuhusu Land Cruiser 100 na njia ya Masisi

Mama mmoja wa Himbi, hapa Goma, ameniandikia hivi:

"Jambo Mzee. Nina Land Cruiser 100 ya V8, ya esansi (petroli), iliyotoka Dubai. Ina matairi ya 275/70R16. Kila wiki napanda Masisi kuchukua fromaji (jibini) na viazi, na nikivuka Sake tu chini kunaanza kugonga mawe. Fundi wa jirani anasema atatia vipande vya chuma kwenye springi za nyuma, atakaza za mbele, gari liinuke inchi 3, halafu nifunge matairi ya inchi 35, yaani 315/75R16. Shemeji yangu anauza manne ya okazyo, yaliyokwisha kutumika, pamoja na rimu, ameyatoa kwenye Nissan Patrol. Nina dola 1,500, sina zaidi. Nikubali?"

Jambo sana, Mama. Kwa mpango huo, usikubali. Lakini fundi wako hajakosea kila kitu. Gari lako linaweza kuvaa tairi kubwa kuliko lililo nalo, na pesa uliyo nayo inaweza kutosha ukiipangilia. Tatizo ni kwamba yeye ameanza na kuinua, akaacha tairi na hali ya gari zije zenyewe. Mimi ningechagua tairi kwanza, ningerekebisha kilichochoka, kisha ningeinua kidogo tu, kadiri tairi hilo linavyodai.

Kuna jambo hukunieleza: ni nini hasa kinachogonga? Mtu akisema "gari linagonga", fundi husikia "gari ni fupi", na hapo pesa inaanza kutoka. Ingiza gari juu ya shimo la garaji, chukua tochi, utafute mikwaruzo. Ya zamani ina kutu na tope lililokauka. Ya wiki hii inang'aa. Kwenye magari yanayopanda kutoka Sake kwenda Mushaki huwa naikuta sehemu tatu: kwenye ngazi za pembeni, kwenye tairi la akiba lililoning'inia chini nyuma, na kwenye tumbo la difu ya nyuma, yaani lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu.

Ikiwa ni ngazi za pembeni, dawa yake ni spana na nusu asubuhi. Zifungue, uziweke nyumbani, na hapo ubavu wa gari umeshapanda bila kununua kitu. Mama mkwe atalalamika kwamba hawezi kupanda; mtafutie kigoda.

Ikiwa ni difu ya nyuma, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Ekseli ya nyuma ya gari lako ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu iko katikati yake. Springi zinakaa juu ya ekseli hiyo. Ukiweka springi ndefu, au vipande vya chuma alivyokutajia fundi, kinachopanda ni bodi, chesisi na tangi la esansi. Ekseli haisogei, na difu inabaki pale pale ilipokuwa. Malori yanayoshusha viazi na makala (makaa) yanachimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati, na ni mgongo huo unaokukwangua difu. Hata ukiinua inchi 3 kwa springi, mgongo utaikuta difu mahali pake. Kinachoipandisha ni tairi, hakuna kingine.

Mbele mambo ni tofauti. Land Cruiser 100 ya V8 haina ekseli nzima mbele kama Land Cruiser 80 au 105. Kila gurudumu lina mikono yake ya chuma inayolishika, na difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo bodi ikipanda nayo inapanda. Inaonekana ni habari njema, lakini ina gharama yake, nitaifikia.

Sasa tupige hesabu ya tairi, maana namba zile ubavuni zinasema kila kitu. Kwenye 275/70R16, 275 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na 16 ni inchi za rimu. Asilimia 70 ya 275 ni milimita 192.5. Zidisha mara mbili kwa sababu kuna ubavu wa juu na wa chini, ongeza rimu ambayo ni milimita 406, unapata tairi lenye kimo cha kama milimita 791. Fanya hivyo hivyo kwa 285/75R16: utapata kama 834. Tofauti ni milimita 43, na difu inapanda nusu yake, karibu milimita 21. Yale 315/75R16 ya shemeji yana kimo cha kama 879, na yangeipandisha difu milimita 44.

Najua unasema kimoyomoyo: basi si bora hayo ya shemeji? Kwa mgongo ule wa barabarani, ndiyo. Kwa gari zima, hapana.

Tuanze na rimu. Rimu za Patrol zina matundu 6. Za Land Cruiser 100 zina matundu 5, tena kwa duara la milimita 150 ambalo ni nadra kulikuta kwenye magari mengine. Hazifungi. Mtu atakuambia kuna vipande vya kuunganishia, unavifunga kwenye habu kisha unafunga rimu juu yake. Vipo, lakini vinasukuma gurudumu nje na kuongeza mzigo kwenye bearingi, halafu maisha ya wanao uliowapakia yanategemea safu mbili za nati badala ya moja. Kwenye njia inayotikisika kama ile ya Masisi, siwezi kukufungia kitu hicho. Hata matairi yakihamishiwa kwenye rimu zako, kwa kimo hicho mudigadi lazima zikatwe na kukunjwa, tairi la akiba halitaingia mahali pake chini ya gari, na gia zako zote zitakuwa zimerefushwa kwa asilimia 11. Injini ya lita 4.7 ina nguvu, lakini kwenye kupanda na mzigo gia ya kiotomatiki itakuwa inabadilisha kila dakika na kuchemka. Breki nazo zitahisi tairi refu na zito zaidi kuliko zilivyotengenezewa. Na difu ya mbele ya gari hili, hasa ya matoleo ya mwanzo, si sehemu ya kuchezea: ukikwama, ukaweka rivasi na kukanyaga esansi tairi kubwa likiwa limeshika jiwe, meno yanaweza kukatika. Watu wanaotumia inchi 35 kwenye gari hili wamebadilisha vitu vingi, na hawakuvibadilisha kwa dola 1,500.

Kwa hiyo tairi lako ni 285/75R16. Linaingia kwenye rimu zako hizo hizo za inchi 16, bila kipande cha kuunganishia. Gari likiwa kwenye kimo chake halisi cha kiwandani, tairi hilo linakaribia kuingia lenyewe; huwa linagusa kidogo kwenye kifuniko cha tope cha mbele na kwenye plastiki ya ndani, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Neno muhimu hapo ni "kimo chake halisi". Gari lako ni la kati ya 1998 na 2007, kwa hiyo springi zake zimebeba mizigo muda mrefu na zimelegea. Sehemu kubwa ya kile mafundi wanachokiita kuinua ni kurudisha tu kimo kilichopotea.

Kabla ya kununua, angalia karibu na lever ya gia kama kuna vitufe vya kupandisha na kushusha gari. Baadhi ya Land Cruiser 100 zilitoka na mfumo wa mafuta ya haidroliki unaobadilisha kimo. Kama unavyo na mfumo bado unafanya kazi, usiruhusu mtu akaze chochote mbele kwa macho tu; mfumo huo una presha yake inayopimwa, na springi zake ni laini kwa sababu mafuta yanabeba sehemu ya uzito. Kama mfumo ulishakufa na mtu aliyekuuzia akaweka shokapu za kawaida bila kubadilisha springi, hapo umeshapata sababu ya gari kukaa chini. Niandikie tena, tutazungumza kivingine. Yanayofuata ni kwa gari lisilo na mfumo huo.

Matairi yatakula zaidi ya nusu ya pesa yako, na sioni ubaya. Hapa Goma tairi halifi kwa kuisha meno. Linakufa ubavuni. Lava iliyoshuka Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mitaa mingi tunayopita imejengwa juu ya mawe yake. Yale ambayo hayajasagwa yana kingo kali. Nimeshika matairi ambayo meno yake ni mapya kabisa, nywele za kiwandani bado zimesimama, lakini ubavuni kuna mkato wa kidole kimoja, nyuzi zimetokeza nje, na hakuna kiraka cha kuliokoa. Kwa hiyo usitazame meno tu. Tafuta tairi lililoandikwa LT kabla ya namba, la gari la mzigo, lenye tabaka zinazoitwa 10PR au herufi E. Namba ya mzigo kwenye 285/75R16 ya aina hiyo mara nyingi ni 126, maana yake kila tairi linaruhusiwa kilo 1,700.

Meno ya aina gani? Wauzaji watakusukumia yale ya matope, yenye vipande vikubwa, kwa sababu yanapendeza. Njia yako ni nusu mawe na lami, nusu udongo. Ningekupa A/T, la njia mchanganyiko, lenye ubavu mnene, na minyororo ya matairi ndani ya buti ya gari kwa siku za mvua. Mnyororo juu ya A/T utapanda mahali ambapo tairi la matope peke yake litateleza, na ukirudi mjini unaufungua.

Ukinunua ya okazyo, tafuta neno DOT ubavuni na namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka kumi huko Dubai linaweza kuonekana zima, kumbe mpira umekauka, na ukikunja ubavu kwa kidole gumba unaona nyufa ndogondogo. Hilo liache dukani.

Na usiniambie utanunua mawili sasa na mawili mwezi ujao. V8 yako inasukuma magurudumu yote manne wakati wote kupitia difu ya katikati. Matairi ya nyuma yakiwa na kimo tofauti na ya mbele, difu hiyo inazunguka bila kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka, na bei yake itakufanya usahau bei ya matairi. Manne kwa mara moja, kimo kimoja, aina moja.

Pesa inayofuata, Mama, iende kwenye vitu visivyoonekana. Hakuna maana ya kuinua gari lenye bushi zilizokufa, zile raba za kwenye viungo vya mikono. Weka jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazama bolijointi na bearingi; likicheza kushoto na kulia, tazama ncha za usukani. Tia nondo kati ya mkono na chesisi, uisukume: bushi iliyopasuka utaiona inafunguka. Mipira ya sivijointi, vile viungo vinavyokunjika vya shafti za mbele, nayo itazamwe kwa ndani, kwenye mikunjo. Ikiwa ina mpasuko mdogo leo, ukiinua gari mpasuko huo utafunguka na grisi yote itamwagika kwenye rimu. Tairi kubwa litatikisa yote hayo kwa nguvu zaidi kuliko lile dogo.

Sasa kuinua kwenyewe.

Kwanza pima. Tumia futi, kutoka katikati ya habu kwenda juu wima hadi ukingo wa mudigadi, kwenye kona zote nne, gari likiwa mahali tambarare na tangi likiwa na esansi ya kawaida. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi na upepo wake vitakudanganya. Andika namba nne kwenye karatasi. Nimeona magari yakiinuliwa kwa macho, na baada ya wiki upande mmoja uko juu ya mwingine kwa sentimita 2 na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Mbele gari lako halina springi za kuzunguka. Lina baa mbili ndefu za chuma, tosheni, zinazolala chini ya gari kuelekea nyuma. Zinasokotwa uzito ukija na kujirudisha uzito ukiondoka. Kwenye mwisho wa kila moja, katikati ya gari, kuna bolti ya kurekebishia. Ukiikaza, pua ya gari inapanda. Kazi hii haihitaji kununua kitu, ndiyo maana fundi wako aliitaja haraka hivyo.

Inafanywa hivi. Usiku wa kuamkia kazi, pulizia bolti hizo mafuta ya kulainisha kutu. Asubuhi inua mbele ya gari kwa chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, na weka stendi imara, si matofali. Hapo baa zimepumzika na bolti inazunguka bila kula nyuzi zake. Anayekaza gari likiwa limekaa chini anaweza kuvunja bolti na kukaa siku nzima akiitoa. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya, paka grisi, kaza pande zote mbili kwa mizunguko sawa, kidogo kidogo. Shusha gari, liendeshe mbele na nyuma mita kadhaa ili likae, kisha pima tena kwa karatasi yako. Rudia mpaka ufike.

Ufike wapi? Kwa 285/75R16, milimita 25 hadi 35 juu ya kimo ulichokikuta zinatosha. Inchi 3 mbele kwa bolti peke yake ni uharibifu, na nitakueleza kwa nini. Bolti haiongezi urefu wa safari ya gurudumu, inaihamisha tu. Kila milimita unayoipata juu unaitoa kwenye nafasi ya gurudumu kushuka. Ukipita shimo, gurudumu linatakiwa lishuke lifuate ardhi, ukishakaza mno, linafika mwisho mapema, mkono wa juu unapiga chuma, na wewe ndani unasikia "paa!" ambayo wengi wanadhani ni shokapu. Halafu ile difu ya mbele iliyopanda na chesisi: shafti zake sasa zinashuka kwenda kwenye magurudumu kwa pembe kali, na sivijointi zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa wakati wote. Zinapata joto, mipira inachanika. Kuna vipande vinavyouzwa vya kuishusha difu ya mbele ili pembe ipungue. Kwa milimita 30 huvihitaji.

Kipimo changu ni hiki: ukimaliza, inua tena mbele kwa chesisi na utazame gurudumu linashuka kiasi gani kabla ya kuning'inia. Likishuka chini ya sentimita 5, mimi hurudisha bolti nyuma, hata mwenye gari akikasirika.

Nyuma ndiko ningenunua springi mpya. Wewe unabeba mzigo kila wiki, kwa hiyo usichague kwa inchi, chagua kwa kilo. Springi za kuinua zinauzwa kwa madaraja ya mzigo wa kudumu, na ukichukua zile za mzigo mzito kupita unaobeba, gari tupu litakurusha kila tuta na kuvunja mayai yako ya Jumamosi. Chukua daraja linalolingana na siku yako ya kawaida ya viazi, na kuinuka kwa kama milimita 40 hadi 50. Gari tupu nyuma patakuwa juu kidogo kuliko mbele. Ndivyo inavyotakiwa, ukipakia patakaa sawa.

Kuhusu vile vipande vya chuma. Si kila kipande ni dhambi. Kuna raba ngumu iliyotengenezwa kwa umbo la kikalio cha springi, ya milimita 20 au 30, na springi ikiwa bado nzima, hiyo ni njia halali ya mtu mwenye pesa kidogo. Ninachokataa ni kile ninachokiona mara nyingi: bomba la chuma lililokatwa kwa msumeno, likachomelewa sahani juu na chini, likasukumwa kati ya springi na kikalio chake. Liliwahi kuletwa kwangu gari la namna hiyo baada ya safari ya milimani. Bomba la kushoto lilikuwa limeinama, springi imehama kikalio kwa upana wa vidole viwili na kukwangua rangi ya chesisi mpaka chuma cheupe, na bomba la breki la raba limevutika kama kamba ya gitaa. Dereva alisema alikuwa amesikia tu gari "linavuta kulia". Pia usikubali mtu achome springi kwa gesi ili aivute. Chuma kile kikishapashwa moto si springi tena. Na akikushauri kuinua bodi peke yake juu ya chesisi kwa bolti ndefu, mshukuru na uondoke: feni, shafti ya usukani na mabomba kadhaa yote yatadai kurekebishwa, na chini ya gari hakuna kilichopanda.

Shokapu za nyuma zipimwe baada ya springi mpya. Inua chesisi, ekseli ining'inie, utazame ni nini kinachoizuia kushuka. Ikiwa ni shokapu iliyovutika hadi mwisho, au mbaya zaidi bomba la breki, unahitaji shokapu ndefu na bomba refu. Kwa milimita 40 mara nyingi shokapu nzuri ya kawaida inatosha. Kama shokapu zako zinavuja mafuta, zibadilishe sasa, kwa sababu utalipa kazi ya kufungua mara moja tu. Kama bajeti imebana, chukua mpya za nyuma na uache za mbele zikiwa kavu na zinashika.

Angalia pia kama gari lako lina kijiti kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki juu ya chesisi. Kazi yake ni kusoma mzigo: nyuma pakikaa chini, kinaruhusu breki zaidi nyuma. Ukiinua gari, kijiti kinadhani liko tupu na kinanyima magurudumu ya nyuma breki, hata kama umepakia viazi hadi dirishani. Kirekebishwe kulingana na kimo kipya. Ni kazi ndogo, lakini unashuka mteremko wa kuingia Sake na mzigo, na hapo breki za nyuma utazihitaji.

Sasa funga matairi na ufanye jaribio la chaki. Paka chaki nene pembeni na juu ya meno ya matairi mawili ya mbele. Tafuta jiwe pana lenye kimo cha goti, na Goma mawe hayakosekani, panda gurudumu moja juu yake polepole ili mkono ukunjwe hadi mwisho, kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Shuka utazame ndani ya mudigadi. Palipo na chaki ndipo panapoguswa. Kata kifuniko cha tope hapo, sukuma plastiki au ikate kwa kisu, rudia upande wa pili. Ukikuta chaki kwenye chuma cha bodi, si plastiki, kuna kitu hakiko sawa: kimo hakijafika au rimu si zenyewe.

Baada ya hapo alaimenti, siku hiyo hiyo. Ukibadilisha kimo mbele umebadilisha pembe za magurudumu, na matairi mapya ya 285 yanaweza kuliwa upande mmoja kabla ya msimu wa mvua kuisha. Bolti za kurekebishia ziko kwenye mikono ya chini na mara nyingi zimegandishwa na kutu. Nazo zipuliziwe mafuta mapema. Shusha taa za mbele pia, la sivyo utawapofusha watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, usiku.

Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Upepo: mzigo ukiwa kamili na mawe yakiwa makali, usishushe sana, kwa sababu ubavu uliolegea unatoka nje na ndio unaokatwa. Kwenye tope tupu shusha hadi kama bar 1.6, na uwe na pampu ya betri ili ujaze tena kabla ya mawe. Dashibodi nayo itakudanganya: ikionyesha 60, wewe unakwenda 63, na ikihesabu kilomita 100, umekwenda 105. Usije ukasema V8 imeanza kunywa esansi zaidi kabla hujaongeza hizo tano kwenye hesabu. Kunywa itaongezeka, ila si kiasi dashibodi inavyodai.

Na viazi vishuke kutoka juu ya paa. Ukishainua gari na kulivalisha tairi refu, uzito umepanda. Gunia juu ya paa kwenye njia iliyoinama kuelekea bondeni ni jambo lingine kabisa kuliko gunia hilo hilo sakafuni. Fromaji ni nyepesi, iende juu.

Pesa ikikatika njiani, simama baada ya matairi na ukarabati wa bushi, urudishe tu bolti za mbele kwenye kimo cha kawaida. Springi za nyuma zinaweza kungoja fromaji za mwezi mwingine.

Shemeji mwambie atafute mwenye Patrol. Huko rimu na matairi yake yatafunga bila shida. Wewe, kama huwezi kununua matano, bakiza moja zuri kati ya yale ya zamani liwe akiba ya kukutoa porini hadi Sake tu, polepole, bila kufunga difu ya katikati. Manne yaliyobaki yauze pamoja, kwa sababu atakayeyanunua naye atakuwa na gari kama lako, na atahitaji manne yanayolingana.